Kupiga video kwa pesa au kwa mapenzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wapiga video wa Nyanda za Juu Kusini

Ukurasa huu ni wa wanaopiga video Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe na vijiji vilivyo katikati. Nafundisha kupiga na kuhariri video, na maswali haya hunifikia kila wiki, mengine darasani, mengine WhatsApp usiku wa manane. Nimeyaacha jinsi watu wanavyoyauliza. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa mtu aliye huku kwetu, pesa ya matangazo ndiyo ya mwisho kufika na ndiyo ndogo kuliko zote. Anayeingia kwa ajili yake peke yake huishia njiani.

Mwalimu, nianze na pesa au nianze na ninachokipenda?

Kwanza niambie kodi ya chumba analipa nani. Kama bado uko kwa wazazi, au una duka, shamba au bodaboda inayokuingizia kitu, una muda wa kuchezea. Piga unachokipenda na ujifunze kazi polepole. Kama unategemea video zilipe chakula cha wiki ijayo, usianze na YouTube. Anza na kazi za watu: harusi, mahafali, kwaya. Huko pesa inalipwa siku ileile, au angalau nusu yake.

Ninachokikataa ni kile cha katikati, yaani kuchagua mada usiyoipenda ambayo pia hailipi. Wapo wengi. Kijana yuko chumbani Soweto, hapa Mbeya, anasoma habari za mastaa wa Dar es Salaam ambazo wenzake wa Sinza walishazimaliza tangu asubuhi. Hana mapenzi nazo na hana soko.

YouTube wanaanza kulipa lini hasa?

Ili chaneli igawane pesa ya matangazo, inahitaji wafuatiliaji 1,000, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Badala ya saa hizo unaweza kuwa na video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Hesabu ya saa 4,000 imekuwapo tangu mwaka 2018, na saa zinazotokana na video fupi kwenye mtiririko wake hazihesabiwi humo. Hili huwaumiza wengi: anaweka video fupi mwaka mzima, anaona namba zinapanda, halafu anakuta saa zake ziko pale pale.

Tufanye hesabu maana watu huiogopa. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama mtazamaji wako wa kawaida anakaa dakika tatu kabla ya kuondoka, unahitaji kutazamwa mara 80,000 kwa mwaka, kama mara 220 kila siku, Krismasi na Pasaka zikiwemo. Mtu ambaye bado hana hata ndugu zake kumi wanaomtazama akiiona namba hiyo ndipo anaelewa kwa nini nasisitiza apige kitu atakachoweza kukipiga hata kama hakuna anayemlipa. Hapo sizungumzii uzuri wa moyo. Nazungumzia nani atakuwa bado anapakia video mwezi wa tisa.

Ukishakubaliwa, mgawo wa matangazo kwenye video ndefu ni asilimia 55 kwako na 45 kwao. Kwenye video fupi unapata asilimia 45 ya fungu la pesa ya matangazo linalotengwa kwa video zako.

Watazamaji wangu karibu wote ni Watanzania. Nitegemee kiasi gani?

Kidogo. Sitakutajia kiwango kimoja kwa sababu hakipo: matangazo huuzwa kwa mnada, na bei inafuata mtazamaji yuko nchi gani, anatazama mada gani na ni mwezi gani. Kampuni inayotaka kumfikia mtu wa London hulipa zaidi kuliko inayotaka kumfikia mtu wa Makambako. Novemba na Desemba bei hupanda kwa sababu ya sikukuu, Januari inaporomoka. Kila Januari napokea ujumbe wa mtu anayeamini kwamba chaneli yake imelogwa.

Ili upate picha, chukua mfano wa kubuni: kila mara elfu za kutazamwa zinakuachia nusu dola. Malipo hayatumwi mpaka yafike dola 100, kwa hiyo unahitaji mara laki mbili kabla hujaona shilingi. Sasa linganisha na bando ulilotumia kupakia, nauli ya kwenda Tukuyu na kurudi, na siku mbili za kuhariri. Ukiona bado inavutia, karibu.

Kuna jambo la kodi pia. Tangu mwaka 2021 Google inataka kila mwenye chaneli ajaze fomu ya kodi ya Marekani, hata kama hajawahi kufika Tunduma. Ukiijaza, inakatwa asilimia 30 ya kile tu kilichotoka kwa watazamaji walioko Marekani, kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na nchi hiyo. Usipoijaza, wanaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yote, hata yale ya mtazamaji wa Mafinga. Jaza.

Na TikTok?

Mpango wao wa kulipa kwa idadi ya kutazamwa uko katika nchi chache, kama Marekani, Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Japani na Brazil. Tanzania haimo. Wale wanaokuuzia "akaunti ya Uingereza" wanakuuzia kitu kinachovunja masharti na kinachoweza kufungwa siku yoyote, pesa yako ikiwa ndani. TikTok itumie kujulikana, si kulipwa.

Mbona basi kuna watu huku wanaishi kwa video?

Wapo, na wengi wao hawaishi kwa YouTube. Hapa ndipo penye utamu, nitakaa kidogo.

Nenda Rungwe au Njombe uone wauza miche ya parachichi. Mtu anaweka simu kwenye stendi, anaonyesha anavyobebesha: anakata mche wa asili, anachonga kikonyo cha Hass, aina ya parachichi ya kisasa, anakipachika, anafunga nailoni. Video ya dakika nne, mwanga wa asubuhi, hakuna muziki. Haitazamwi na malaki. Inatazamwa na mkulima wa Mbozi anayetaka miche mia tatu, na huyo anapiga simu. Video ile haikulipwa hata senti na matangazo, ila iliuza miche. Ukimwuliza mwenye shamba kama anapiga kwa pesa au kwa mapenzi, atakushangaa. Anaipenda miche yake, anataka iuzwe, basi.

Kwaya ni kundi la pili, nalo ni kubwa kuliko watu wa mjini wanavyodhani. Moravian, KKKT, Wakatoliki, Wasabato, kila usharika una kwaya na kila kwaya inataka video: mavazi ya sare, mashamba ya chai ya Tukuyu au Mufindi nyuma, maporomoko ya maji, na mwimbaji mmoja anayepanda jiwe ambalo hakuna aliyemwomba alipande. Kwaya inalipa kwa michango, hivyo inalipa polepole, lakini inalipa na inarudi. Fundi anayejua kurekodi sauti bila upepo kuingia kwenye maiki hakosi kazi kuanzia Pasaka.

Halafu sendofu, harusi, kipaimara, mahafali ya vyuo vya Mbeya na Iringa. Wenye nyumba za wageni Matema wanaotaka watu wa Dar walione Ziwa Nyasa. Waongoza watalii wa Ziwa Ngosi na Daraja la Mungu pale Kiwira. Wote hao wanahitaji mtu anayejua kupiga, na chaneli yako, hata ikiwa na wafuatiliaji mia nne, ni kitabu cha sampuli za kazi yako. Kwa mtazamo huo, video unayoipiga kwa mapenzi Jumapili ndiyo inayokuletea kazi ya kulipwa Jumamosi.

Mimi napenda historia ya Wahehe. Kuna atakayeangalia kweli?

Ndiyo, ila si wiki hiyohiyo. Video za kiki hulipuka na kufa. Video inayojibu swali ambalo watu huuliza kila mwaka hukua polepole. Mwanafunzi anayesoma vita vya Lugalo vya Agosti 1891 ataitafuta mwaka huu, na mdogo wake ataitafuta mwaka ujao. Mgeni anayepita Iringa kwenda Ruaha atatafuta Kalenga, aone fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 linahifadhiwa wapi. Atatafuta Isimila na zana zake za mawe. Video nyingi zilizopo kuhusu maeneo haya zimesomwa kwa sauti ya kompyuta juu ya picha za mahali pengine kabisa. Wewe unaweza kufika Kalenga kwa bajaji.

Wazee wapigwe sasa hivi. Mrekodi babu akisimulia kwa Kihehe, weka maandishi ya Kiswahili chini, na usimkatize kila sekunde ili uweke kichekesho. Hata kama video hiyo haitaingiza kitu, wajukuu zake walioko Dar wataituma kwenye kundi la ukoo, na ni nadra mtu kupata hadhira inayomjali kiasi hicho.

Nikianza kulipwa, sitakichoka nilichokipenda?

Swali hili lina historia. Mwaka 1973 watafiti watatu wa saikolojia, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha jaribio walilolifanya kwenye shule ya chekechea huko Stanford, Marekani. Walichagua watoto waliokuwa tayari wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti kizuri likichora. Kundi la pili lilichora, kisha likapewa cheti kwa kushtukiza. La tatu halikupewa kitu. Baadaye, kalamu zilipowekwa mezani bila ahadi yoyote, waliochora kwa ahadi ndio walioonyesha hamu ndogo zaidi. Waliopewa kwa kushtukiza hawakupoteza hamu.

Naisoma hivi: kilichoharibu si zawadi, ni makubaliano ya kabla. Ukikaa kuhariri huku unafikiria namba, mkono unakuwa wa mfanyakazi. Ukimaliza kazi uliyoipenda halafu namba zikaja, ni furaha tu.

Lakini wale walikuwa watoto wenye kalamu, hawakuwa na mwenye nyumba mlangoni. Nimeona pia kinyume chake: fundi wa kwaya aliyepata maiki nzuri kwa pesa ya harusi, akaanza kuipenda kazi kuliko mwanzo kwa sababu hatimaye ilitoka kama alivyoisikia kichwani. Umaskini nao unachosha mapenzi. Kwa hiyo nawashauri wanafunzi wangu wawe na aina moja ya video wasiyoiangalia takwimu zake kabisa. Nyingine zote, kagua hata kila saa ukitaka.

Kwa nini kila mtu anavuta video mpaka dakika nane?

Kwa sababu tangu Julai 2020 video ya dakika 8 au zaidi inaruhusiwa kuwekwa matangazo katikati. Kabla ya hapo ilikuwa dakika 10. Ndiyo maana mtu anasema "kabla hatujaanza" mara tatu. Kama chaneli yako haijakubaliwa bado, huna sababu hata moja ya kuvuta. Kama somo la kutambua ugonjwa wa bakajani kwenye viazi linakwisha kwa dakika tatu, liishe. Mkulima wa Uporoto anatazama kwa bando la shilingi mia tano na mvua iko juu ya kilima.

Nataka kutengeneza hadithi za watoto. Inalipa?

Penda watoto kwanza. Tangu Januari 2020 YouTube inawataka wenye chaneli waseme kama video ni ya watoto, na ikiwa hivyo matangazo yanayolenga mtu binafsi yanazimwa, na maoni pia. Ilitokana na Google kukubali mwaka 2019 kulipa dola milioni 170 nchini Marekani kwa kukusanya taarifa za watoto. Mapato ya video hizo kwa kawaida huwa chini.

Ninunue kamera gani?

Usinunue. Simu uliyo nayo inatosha mwaka wa kwanza. Pesa ipeleke kwenye maiki ya kubana shatini na stendi. Huku kwetu sauti ndiyo adui: upepo wa Kitulo, mvua ya Tukuyu juu ya bati, bodaboda za Kabwe. Watu huvumilia picha hafifu, hawavumilii sauti mbovu.

Baridi pia. Juni na Julai kule Makete betri ya simu inashuka haraka kuliko kawaida kwa sababu betri hizi hutoa nguvu kidogo zikipoa. Weka simu mfuko wa ndani, karibu na mwili, itoe wakati wa kupiga tu. Ukitoka kwenye baridi kuingia jikoni kwenye moto, lenzi itapata ukungu. Subiri, usifute kwa shuka.

Wamesema watanitumia barua yenye namba. Mimi sina sanduku la posta.

Mapato yakifika dola 10, Google hutuma kwa posta barua yenye namba ya kuthibitisha anwani. Kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi nne, huku kwetu nikushauri usihesabu siku. Tumia sanduku la mtu unayemwamini: shule uliyosoma, usharika, ofisi ya kaka yako. Andika S.L.P. na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA na kwenye akaunti ya benki, herufi kwa herufi. Majina yetu ndiyo chanzo cha vilio vingi, maana kwenye chaneli unaitwa hivi, benki vile, na cheti cha ubatizo kina la tatu. Barua isipofika baada ya kuomba tena mara kadhaa, unaruhusiwa kuthibitisha kwa kupakia kitambulisho.

Naweza kuchukua video za wengine nikaziunganisha?

Kwa pesa, hapana. Chaneli ya vipande vya wengine bila mchango wako hukataliwa kwenye malipo, na mwenye kazi akilalamika unapata onyo la hakimiliki. Maonyo matatu ndani ya siku 90 na chaneli inaweza kufutwa. Video zinazozalishwa kwa wingi na akili mnemba, zote za umbo moja, nazo zimewekewa mkazo kwenye masharti tangu Julai 2025.

Na kiki? Naona wanaofanyia watu mizaha Mwanjelwa wanapata watazamaji.

Wanapata. Mama anayeuza nyanya Mwanjelwa naye anapata aibu ambayo hakuiomba, na mwanawe anaiona shuleni. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, lakini mimi hata bila sheria siwafundishi wanaokuja kwa ajili hiyo. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu. Akikataa, geuza kamera upande wa vitunguu.

Mwanangu yuko mwaka wa pili chuoni, anataka kuacha apige video. Nifanyeje?

Shikamoo mama. Usimkataze video, mkataze kuacha chuo. Mwulize mambo mawili: mwezi uliopita video zimemwingizia shilingi ngapi mkononi, na nani alizilipa. Akikujibu kwa idadi ya wafuatiliaji, bado hana jibu. Akikutajia wateja kwa majina, harusi ya fulani, duka la fulani, basi ana kazi, na kazi hiyo inaweza kufanyika mwisho wa wiki mpaka amalize. Vifaa vyake usivifungie kabatini, tafadhali. Nimeona vijana wanaofungiwa wakiuza simu wakakosa vyote.

Leseni na kodi zikoje?

Kanuni za maudhui mtandaoni zilitoka mwaka 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa baada ya hapo. Ukitoa habari na matukio, unahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ukipiga kilimo, mapishi au burudani, pita ofisi yao ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapa Mbeya uwaeleze unachofanya, upate jibu la aina yako. Usichukue jibu la mtu wa kwenye kundi la WhatsApp, hata awe mimi.

Kodi: tangu Sheria ya Fedha ya 2024, mtu au kampuni ya ndani inayomlipa mtengeneza maudhui wa mtandaoni hukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Kampuni ya mbegu ikikukata, usigombane nayo, dai hati ya makato na uitunze. Kuwa na TIN, yaani namba ya mlipakodi, kutakuondolea maneno mengi, kwa sababu wateja wakubwa hawalipi mtu asiye nayo.

Nataka kupiga maua ya Kitulo kwa droni. Ruhusa ni ya nani?

Ya zaidi ya mmoja. Droni lazima isajiliwe na iwe na kibali kupitia TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na kuirusha bila kibali kunaweza kuishia kituoni. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, kwa hiyo kupiga video ya biashara humo kunahitaji kibali cha TANAPA chenye ada yake, mbali na kiingilio. Mtalii anayejipiga kwa simu ni jambo jingine. Maua mengi huchanua kati ya Desemba na Aprili, na hicho ndicho kipindi cha mvua na ukungu, hivyo droni itakaa sana kwenye begi. Kwa mara ya kwanza nenda na simu, lipa kiingilio, lala Matamba, uamke mapema kabla ukungu haujapanda. Picha ya ua moja la okidi kwa karibu, lenye umande, huhitaji droni kuipata.